Sauti ya Kushikia Nafasi

Kwenye muziki kuna kazi ambayo mashabiki hawaijui kabisa. Wimbo ukishaandikwa na biti ikishapangwa, lakini mwenye wimbo hana nafasi ya kufika studio, huitwa mtu mwingine auimbe. Sauti hiyo haitoki hewani. Anatumiwa msanii ili ashike melodi, ajue avute pumzi wapi na neno gani alikaze. Kisha anakuja kurekodi ya kwake, na ile ya kwanza inafutwa. Sisi tuliiita sauti ya mwongozo. Niliishi kwa kazi hiyo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sikuianza kwa kupenda. Demo zangu zilikuwa zimezunguka kwenye lebo mpaka majibu yao nikayajua kabla sijayafungua. Wapo waliosema sauti ni nzuri ila haina soko, wapo waliosema nirudi nikishapata wafuasi wa kutosha mitandaoni, na wapo waliokaa kimya, ambao kusema kweli ndio walionikera zaidi. Meneja mmoja alisikiliza nusu ya ubeti wa kwanza huku akijibu ujumbe kwenye simu, akaniambia nimemkosha, na tangu hapo sikumsikia tena. Niliokuwa nikiimba nao walishapata kazi za kueleweka. Nyumbani waliacha kuuliza muziki unaendeleaje, wakawa wanauliza tu kama ni mzima.

Kwa hiyo prodyuza mmoja aliponiita nikaimbe mwongozo wa wimbo wa dada mmoja ambaye mwaka ule ulikuwa huwezi kuwasha redio usimsikie, sikuringa. Malipo yalikuwa ya mkupuo: unaimba, unalipwa, unaondoka.

Kile chumba cha kuimbia nakikumbuka vizuri. Blanketi nzito zimetundikwa ukutani kuua mwangwi, maiki iko usawa wa pua, na mbele yake kuna kichujio cha kitambaa cheusi ili ukitamka "p" au "b" upepo wa mdomo usiipige. Hedifoni niliiweka sawasawa upande mmoja tu, sikio la pili nikaliacha wazi nijisikie mwenyewe. Ukifanya hivyo lazima ule upande usiotumika uubane kichwani, la sivyo mlio wa metronomu, ile tiki-tiki ya kuhesabia mapigo, unavuja na kuingia kwenye maiki, halafu rekodi nzima ina tiki-tiki ambayo huitoi tena.

Wimbo wenyewe ulikuwa na walakini. Ubeti wa kwanza ulikuwa tayari, kiitikio kipo, ubeti wa pili hakuna. Karatasi ilisema tu "kama ule wa kwanza". Na kiitikio, ambacho maneno yake yalikuwa "na mimi bado nipo", kilipanda mpaka noti ya juu kabisa kwenye neno "na". Nani anapanda mlima kwa ajili ya "na"?

"Mdogo wangu, hapo imba lolote tu," prodyuza alisema kwenye hedifoni. "Mwenyewe akija atajaza."

Nikaimba lolote. Mzunguko wa kwanza ulikuwa kelele tupu, silabi zisizo na maana. Uliofuata nikachomeka mistari niliyokuwa nayo kichwani tangu siku zile za kusubiri simu za lebo: "Simu nimeilaza kifudifudi, nisione kwamba huniiti." Ikakaa. Tulipofika kwenye kiitikio nikaishusha ile "na" chini kabisa, karibu na kuisema, nikapandia kwenye "bado" na kubaki huko juu mapigo mawili zaidi ya ilivyoandikwa. Mpiga kinanda, mzee ambaye tangu nifike alikuwa hajasema neno, akageuka kwenye kiti.

"Rudia hiyo."

Tuliirudia mpaka koo likaanza kukwaruza. Prodyuza akaingia kwenye kazi ya kuchagua: mstari huu kutoka mzunguko wa mapema, ule kutoka wa mwisho, neno hili kutoka hapa. Hata "huniiti" hakuchukua ile safi, alichukua niliyoiimba nimechoka, yenye mkwaruzo. Wasikilizaji hudhani msanii husimama akaimba wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaoweza, lakini sauti nyingi mnazozipenda kwenye nyimbo ni vipande vilivyochaguliwa hivyo, neno kwa neno.

Nikalipwa, nikaaga. Yule mzee alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Ule ubeti ni wako?"

"Ndiyo, mzee. Umekuja tu pale pale."

"Mmeandikishana?"

Nilidhani anauliza kuhusu malipo, nikamwonyesha bahasha. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye ngazi, akanieleza kitu ambacho hakuna lebo wala meneja aliyewahi kunieleza. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna rekodi yenyewe, yaani masta, ambayo mara nyingi ni ya aliyeigharamia. Na kuna utunzi, maneno na melodi, ambao ni wa waliotunga, hata auimbe nani. Sauti ya mwongozo ikifutwa, mwimbaji wake hana cha kudai kwenye masta. Lakini maneno yangu na ule mpando wa melodi vikibaki mdomoni mwa mtu mwingine, mimi ni mtunzi, na kila redio inapoupiga wimbo, kila unapoimbwa jukwaani, kuna mrabaha, yaani malipo ya mtunzi, unaopaswa kunifikia kupitia chama kinachokusanya kwa niaba ya watunzi. Ila jina langu liwe limeandikwa.

Kisha akaniuliza kama namjua Solomon Linda. Nilijua wimbo, sikumjua mtu. Linda alikuwa Mzulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliingia studio Johannesburg na kundi lake kurekodi "Mbube", na walipokuwa wakiurekodi kwa mara ya tatu, kuelekea mwisho, aliibua papo hapo kijimelodi ambacho hakikuwa kimepangwa. Kijimelodi hicho ndicho kilichokuja kuwa wimbo wa Kiingereza wa simba aliyelala, unaojulikana dunia nzima. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Alikufa maskini mwaka 1962, na familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006.

"Naye aliibua mbele ya maiki," mzee akasema, akainuka kurudi kwenye kinanda chake.

Wasanii wakisimulia walivyokomaa husimulia milango waliyofungiwa na nauli walizokosa. Yote hayo niliyapitia na hayakunihitaji ujasiri wowote, maana ukifungiwa mlango huna la kufanya zaidi ya kwenda kwenye mwingine. Kilichonitetemesha miguu ni kurudi kwenye chumba nilichokwisha kulipwa na kuaga, kwa mtu pekee aliyekuwa akinipa kazi.

"Kaka, samahani. Ule ubeti wa pili ukibaki, naomba niandikwe kama mtunzi."

Alicheka kwanza. Akasema kila mtu akianza kudai kipande nyimbo hazitatoka. Akasema waimbaji wanaoitaka kazi hii ni wengi, na hapo hakudanganya. Mwisho akasema dada mwenyewe huenda akabadilisha kila kitu.

"Akibadilisha, basi sidai kitu," nikamwambia. "Lakini kama hutaki kuniandika, ufute sasa hivi nikiwa hapa. Ubeti, na kile kiitikio kirudi kilivyokuwa."

Alizima kweli. Akacheza wimbo bila ubeti wa pili, na kiitikio cha zamani, kile cha kupandia "na". Tulisikiliza wote watatu mpaka mwisho. Hakuna aliyesema kitu, ila mzee alikohoa kile kikohozi cha watu wazima ambacho si cha mafua.

Prodyuza akataja asilimia 5. Mzee akakohoa tena. Tukaishia 15. Tuliandika kwenye karatasi ya kawaida: jina la wimbo, majina kamili ya watunzi wote, sehemu ya kila mmoja, jumla ikatimia 100, tarehe, sahihi. Msanii naye akatia yake alipokuja kurekodi, na kwa heshima yake niseme hakubisha hata kidogo; aliuliza tu nani aliandika kuhusu simu. Karatasi ile niliipiga picha pale pale kabla wino haujakauka.

Baada ya hapo prodyuza hakuniita kwa miezi. Nilirudi kuimba nyimbo za watu kwenye kumbi ambazo spika moja ilikuwa nzima na nyingine pambo, na zipo usiku nilizoona kwamba nimeuza kazi ya uhakika kwa asilimia ambazo huenda zisizae chochote.

Wimbo ulipotoka niliusikia kwenye gari la abiria. Sauti haikuwa yangu, lakini pumzi zilikuwa zangu. Dada alivuta pumzi pale nilipovuta, alipanda kwenye "bado" na kukaa mapigo yale yale, na kwenye "huniiti" aliuweka hadi mkwaruzo, ambao mimi niliupata kwa uchovu na yeye bila shaka aliufanyia mazoezi. Abiria wa mbele yangu alikuwa akiimba ubeti wa pili wote bila kukosea. Sikumwambia kitu. Angesema nina wazimu.

Mrabaha hauji haraka. Vituo vinatoa taarifa za nyimbo walizopiga, chama kinakusanya, kinagawa kwa vipindi, na watunzi wapya hukaa foleni ndefu. Ulipokuja haukuwa utajiri, ila ulitosha kulipia studio siku nzima, kwa jina langu, na yule mzee kwenye kinanda. Demo iliyotoka hapo ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliituma kwanza kwa lebo moja iliyokuwa imenipiga chini zamani.

Safari hii walijibu ndani ya wiki. Walisema sauti ni nzuri sana na uandishi umekomaa, ila naimba kama yule dada mno, hadi namna ya kuvuta pumzi. Wakanishauri niache kumwiga.