Jioni Mama Mkubwa Alipotusogezea Safari ya Zanzibar

Mwaka 2022, kikoba chetu cha akina mama wa Mwanga, hapa Kigoma, kilipovunja mfuko, tulikubaliana pesa zisigawanywe zote. Sehemu ibaki, tuchangechange juu yake, na likizo ya katikati ya mwaka ikifika tupande treni hadi Dar es Salaam, kisha tuvuke kwenda Zanzibar. Wengi wetu tulikuwa tumeiona kwenye simu tu: maji ya bluu, bembea iliyofungwa baharini, mtu kavaa gauni jeupe kasimama kwenye ngalawa.

Ratiba aliiandika mwenyekiti wetu, mwalimu wa jiografia, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Siku nne kisiwani, na kila siku mahali pawili au patatu: kobe wakubwa wa Changuu, kima punju wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, Nungwi, mashamba ya viungo. Siku moja tungekwenda Jambiani kuogelea, tukitoka mjini asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Mimi nilisema karatasi ile tusiilipie chochote kabla Mama mkubwa hajaisikia.

Mama mkubwa ni mke wa marehemu baba yangu mkubwa. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, akaolewa akiwa binti, akamfuata mumewe mpaka Ujiji, na hata baada ya kufiwa hakuondoka. Jumamosi hiyo tukamwendea wote, tukakuta ametandika mikeka miwili chini ya mwembe. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, mwenyekiti akaanza kusoma. Mama mkubwa alisikiliza huku anapepeta mchele, hakukatiza neno, mpaka tulipofika Jambiani.

"Siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?"

Mwenyekiti akamtajia tarehe.

"Sikuulizi mwezi wa ukutani, mwanangu. Mwezi wa juu."

Alijibu mwenzetu anayeuza dagaa Kibirizi. Yeye hakuhitaji kalenda. Wavuvi wetu huvua dagaa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikikamilika taa hazina kazi, boti zinalala. "Siku hiyo boti zitakuwa zimelala, Mama. Mwezi utakuwa umejaa."

"Basi mtafika Jambiani na bahari haipo," akasema Mama mkubwa.

Akina mama wakacheka. Yeye hakucheka. Akaweka ungo pembeni, akatufundisha jambo ambalo sisi tuliozaliwa kando ya Tanganyika hatukuwa na njia ya kulijua. Ziwa letu lina kina cha karibu kilomita moja na nusu, lina mawimbi, lina upepo uliozamisha mitumbwi ya watu tunaowafahamu, lakini ukiliacha asubuhi mahali fulani, jioni unalikuta hapohapo. Bahari haiko hivyo. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku inachelewa kwa karibu saa moja kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, ni bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali.

Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Jambiani, Paje, Bwejuu na kuendelea, ni tambarare mpaka kwenye mwamba mbali huko mawimbi yanakopasukia. Siku za bamvu maji hukauka kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, unabaki mchanga mweupe, madimbwi na vijiti vya mwani. Ndiyo saa ambayo sisi tungeshuka garini na taulo mabegani. Maji yangerudi alasiri, wakati dereva anatuita. "Mtalipa gari kwenda kuogelea mchangani," akasema. Nungwi, kule ncha ya kaskazini, maji hayakimbii hivyo, anayetaka kuogelea saa yoyote aende huko. Anayetaka Jambiani auulize mwezi kwanza.

Mwenyekiti alikuwa mgumu kidogo. Akasema sisi ni watoto wa ziwa, kuogelea hatukufundishwa na mtu, na kama maji yamepwa basi tutatembea tu mpaka kwenye mwamba tupige picha.

Hapo sauti ya Mama mkubwa ilibadilika. Alipokuwa msichana alikuwa akienda na mama yake mwambani kuchokoa pweza, kila mmoja na kijiti chake. Mama yake alikuwa na sheria moja: maji yakianza kugeuka, hata kama pweza amemwona kwa macho shimoni, wanamwacha. Maana maji yakirudi hayaji kwa mbele kama mtu anayekukaribia. Yanapita kwanza kwenye mikondo ya chini, yanajaza mabonde yaliyo kati yako na ufuko, wewe bado umesimama mahali pakavu unafurahi. Unapogeuka unakuta umezungukwa, na mkondo unavuta. Siku moja walichelewa kwa sababu yake yeye, alikuwa anaokota makombe. Mama yake alimvusha kwa kumshika nywele.

"Nyinyi mnajua kuogelea," akasema. "Na mimi nilijua."

Nilikuja kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Tukiwa Jambiani, vijana wawili wa kutoka bara walikuwa wametembea mbali sana na simu zao, na mzee mmoja wa pale akawa anawapungia shati kutoka ufukweni. Walipoamua kurudi, mahali walipopita wakiwa wamekunja suruali maji yalikuwa kifuani, na simu wamezibeba kichwani. Walifika salama. Mzee akawaambia tu kwamba angewaeleza bure kama wangeuliza walipokuwa wanashuka.

Lakini narudi Ujiji. Mama mkubwa alikuwa ameshachukua ratiba yetu, ameikalia. Pomboo wa Kizimkazi hakuwakataza, ila alisema tumwambie nahodha mapema kwamba hatutaki wafukuzwe. Kizimkazi ni jirani na kwao, na amesikia jinsi boti zinavyowazunguka mpaka wanakosa pa kupumulia. Akataka tupite pia Kizimkazi Dimbani kuuona msikiti wa zamani ambao maandishi yake ya ukutani ni ya mwaka 1107, tukiwa tumejitanda, tumevua viatu, na tumeomba ruhusa. Viti vya pweza, vile vyekundu vyenye umbo la nyota, tusiviinue majini kwa ajili ya picha, kwani ni viumbe hai, vinakufa juani. Tuvae yeboyebo tukiingia majini, kwa sababu wako wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaoweza kukuharibia siku zote zilizobaki. Tusikanyage kamba za mwani unaolimwa na akina mama. Watu wanaona vijiti tu, yeye anaona ada za shule za watoto.

Habari ya mavazi ilichukua muda mrefu, na naona ilistahili. Mmoja wetu, Mkristo kama nusu ya kikoba, aliuliza kwa nini ajitande wakati ufukweni Wazungu wanatembea nusu uchi. Mama mkubwa hakumkemea. Alimwambia ufuko wa hoteli una sheria zake, humo avae atakavyo. Lakini ukivuka barabara ukaingia kijijini, au ukiwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, pale ni nyumbani kwa watu, bibi wa mtu amekaa barazani, watoto wanatoka chuo cha Kurani. Mabega na magoti yafunikwe. Mgeni asiyejua anasamehewa. "Nyinyi mnasema Kiswahili, hamtasamehewa upesi hivyo. Watasema hawa wanajua."

Maneno hayo yamebaki nami kuliko mengine yote ya jioni ile. Tulidhani kwa kuwa tunasema lugha moja na kushika kitambulisho kimoja, tunakwenda kwetu. Tulikuwa tunakwenda kwa watu. Nimeona tangu hapo watalii wa ndani wakiingia vijijini wakipiga picha wanawake wa mwani bila hata salamu, wakiamini kwamba adabu za utalii zimeandikwa kwa ajili ya wageni wa ndege. Inaniuma. Salamu ni bure, na pale Unguja inafungua milango ambayo pesa haifungui. Msalimie mtu, ngoja akujibu, ndipo uulize njia au bei.

Mambo ya pesa aliyapitia haraka. Bandarini kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, hata Mtanzania anakaguliwa, na nauli ya mwananchi italipwa kwa shilingi. Bei ya mchukuzi ipatanwe kabla mzigo haujainuliwa. Mapapasi, wale vijana wanaokusindikiza bila kuombwa, tuwaambie hapana kwa upole mara moja na tuendelee kutembea. Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe panapouzwa vyakula usiku, tuulize bei kabla ya kula, tuchague kilichotoka motoni, na urojo tusiukose. Kwenda Nungwi kuna daladala namba 116, Jambiani ni 309, gari la kukodi si lazima. Noti kubwa tuzichenji mjini. Mifuko ya plastiki tuiache Kigoma.

Kuhusu chombo cha kuvukia alisimama kidogo. Majira ya kusi, upepo wa katikati ya mwaka, mkondo ule huchafuka, wenye kutapika wasijaze tumbo na wakae katikati ya meli. Kisha akasema chombo kikijaa kupita kiasi msipande, hata kama tiketi imeshakatwa, hata kama mnaachwa. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu, na mwaka uliofuata Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa msiba wa majini.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Kongo aliporudi kwenye ratiba na kuuliza mbona Mkunazini hakumo. Mwenyekiti akasema palionekana pa huzuni, na sisi tunakwenda kupumzika.

"Huko ndiko mlikopelekwa," akasema Mama mkubwa.

Pale Mkunazini palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na juu yake likajengwa kanisa la Anglikana. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, huko Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone, mtu yule ambaye watoto wetu wa shule hupelekwa kuona mahali alipokutana na Stanley hapa Ujiji mwaka 1871. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni. Waliotoka upande wa pili wa ziwa walivushwa wakashukia hapa kwetu, wakatembea Tabora, wakatembea mpaka pwani, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, na waliobaki hai wakavushwa Unguja. Treni tuliyokuwa tunaikatia tiketi inafuata karibu njia ileile. Bibi mzaa mama yangu alikuwa Mmanyema, watu wa upande ule wa pili wa ziwa. Mwembe tuliokaa chini yake, na miembe mingine mingi ya Ujiji, watu husema ni ya enzi za misafara.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mama mkubwa akaongeza kwamba tukiwa pale tusichekelee kamera.

Mweka hazina ndiye aliyerudisha mazungumzo kwenye hesabu. Akauliza, tukisogeza safari kwa wiki moja ili mwezi uwe nusu, nani atakosa? Wawili walikuwa na usimamizi wa mitihani, wakasema watabadilishana zamu. Yule wa Kibirizi alisononeka, kwani wiki hiyo boti zingekuwa zimerudi majini na biashara yake imechangamka, lakini akakubali, akasema dada yake atamshikia meza. Mwenyekiti akatoa kalamu. Akafuta mashamba ya viungo na Changuu, akaandika siku ya kwanza Mkunazini asubuhi, halafu hakuna kitu mpaka Forodhani jioni. Jambiani akaipa siku mbili na kulala huko. Akampa Mama mkubwa karatasi aitazame.

Mama mkubwa akaniambia nimsomee, macho yake hayakuwa mazuri gizani. Nilipofika Kizimkazi akanikatiza, akanitajia nyumba ya nduguze Makunduchi na kuniagiza nisipite njia ile bila kuingia na kuwapelekea mawese, lita tano, yafungwe vizuri yasimwagike kwenye treni.