Mfuko wa Shangazi

Jumapili iliyopita nilimdanganya kitukuu wangu. Nilikuwa nimekaanga ufuta tangu asubuhi, nyumba yote ikanukia mpaka barazani, na sinia la biskocho, biskuti zetu za ufuta, lilipotoka kwenye tanuri kwa mara ya pili (huokwa mara mbili, ndiyo maana hukauka na kukaa siku nyingi), mtoto alikula tatu mfululizo, akapangusa midomo kwa mkono wa sweta, kisha akaniuliza, "Vava, mbona unazipika kila mwaka na wewe huzili?" Nikamjibu kwamba sina meno. Meno ninayo. Si yote, lakini ya kutafuna mahindi ya kuchoma yapo, na mtoto huyo ameniona nikiyatafuna.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mwezi wa saba huwa nanyamaza. Mwaka huu naandika kwa sababu ya uongo ule wa meno, na naandika kwa Kiswahili kwa kuwa lugha zangu nyingine zina matatizo yake. Kiladino, lugha yetu Wayahudi wa Rhodes, nilimzika nacho mama. Kiitaliano ndicho kilichoandikiwa zile sheria za 1938 dhidi ya Wayahudi zilizotuondoa katika hesabu ya watu. Kifaransa nilijifunza kwa kuchapwa rula. Kiswahili nilifundishwa jikoni, hapahapa Lubumbashi, mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, na sikumbuki mtu aliyewahi kunifokea kwa lugha hii, isipokuwa siku nilipounguza sombe. Mkwe wangu ni mtu wa Kigoma na ndiye anayeninyoosha sarufi, kwa hiyo makosa mtakayoyakuta ni yake.

Kisiwa cha Rhodes, nilikokulia wakati kikitawaliwa na Italia, kiko karibu sana na Uturuki, kiasi kwamba siku isiyo na ukungu tulikuwa tukiiona milima ya ng'ambo kutoka ufukweni. Mama alizaliwa huko ng'ambo, katika mji wa Milas, akaolewa kisiwani. Hakuwahi kubadilisha uraia wake wala hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo lina maana. Baba alikuwa mzaliwa wa kisiwa, kama babu yake na babu wa babu yake. Sheria za 1938 zilipotangazwa, baba mdogo alifunga duka na kuja Kongo, ambako watu wa Rhodes walikuwa wamekwisha kutangulia na kufungua maduka ya vitambaa. Baba alibaki kwa sababu mama yake, Vava wangu, hakutaka kuliacha kaburi la mumewe. Mwezi wa tisa wa 1943 Wajerumani waliwanyang'anya Waitaliano kisiwa, na bado tukabaki, maana kufikia hapo hapakuwa tena na njia ya kuondoka.

Tarehe 18 Julai 1944 wanaume waliamriwa kufika, wakiwa na vitambulisho vyao, katika jengo lililokuwa makao ya jeshi la anga la Italia. Hawakurudi. Kesho yake sisi wanawake na watoto tukaambiwa tuwafuate, tuje na chakula na kila kitu cha thamani, na kwamba asiyekuja atamponza mume wake au baba yake. Ilisemwa kwamba tunahamishiwa kisiwa cha jirani. Shangazi, dada wa baba, aliiamini habari hiyo ya kisiwa, au aliamua kuiamini, kwa sababu usiku ule alitoa unga aliokuwa ameuficha kwa ajili ya sikukuu, katika mji ambao watu walikuwa wakila majani ya kondeni, akasukuma pete za biskocho, akazipaka yai na kuzibingirisha kwenye ufuta. Alizitia zote katika mfuko wa kitambaa cha godoro wenye mistari ya buluu, akatukabidhi mimi na binti yake tuubebe kwa zamu. Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi. Jina lake sitaliandika. Katika sinagogi la Kahal Shalom, ambalo lingali limesimama, yako majina ya koo zetu katika jiwe, na ukoo wetu umo. La kwake mwenyewe nimelitunza mimi.

Ndani ya jengo lile palikuwa na joto la kiangazi cha kule, joto kavu linalotoka ukutani, na maji hayakuwepo. Tuliketi sakafuni kifamilia. Mwanajeshi mmoja alipita na gunia, na pamoja naye mkalimani aliyezungumza Kiladino chetu vizuri kabisa, mpaka baadhi ya kina mama wakapumua kwa kuisikia lugha ya nyumbani. Walikuwa wakikusanya vitu vya dhahabu. Vava alikuwa na bangili aliyovishwa siku ya harusi yake, na mkono ulikuwa umenenepa tangu siku hiyo, kwa hiyo haikutoka. Mkalimani alimngojea. Alimwambia, kwa sauti ya mjukuu anayemsaidia bibi yake kupanda ngazi, "Taratibu, bibi, taratibu tu." Shangazi akatema mate mkononi mwa mama yake, akasugua, akavuta, na bangili ikatoka pamoja na ngozi kidogo. Ilipoanguka ndani ya gunia haikutoa sauti niliyoitarajia. Gunia lilikuwa karibu kujaa.

Balozi mdogo wa Uturuki alipoingia sikujua kwamba ni balozi. Niliona kijana mwenye suti, shingo ya shati imelowa jasho, ameshika karatasi moja. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Selahattin Ülkümen alikuwa na miaka 30 tu mwaka ule. Alikuwa akizungumza na ofisa wa Kijerumani bila kupandisha sauti, na jambo alilokuwa akilirudia, kama mama alivyonieleza, ni kwamba kwa sheria ya Uturuki mke au mume wa raia wa Uturuki naye ni raia, na kwamba nchi yake, ambayo haikuwa vitani na Ujerumani, haitanyamaza raia wake wakiguswa. Kisha akasoma majina. Akamtaja mama. Akamtaja baba, ambaye aliletwa kutoka upande wa pili, ndevu zimemwota siku mbili. Akanitaja mimi.

Mama alisimama, lakini hakutembea. Alimnyooshea mkono Vava aliyekuwa chini, akasema kwa Kituruki, "Huyu ni mama wa mume wangu." Halafu akamwonyesha shangazi, "Na huyu ni dada yake. Na mtoto." Balozi alimtazama mama, akayashusha macho kwenye karatasi, akaendelea kuisoma kwa muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwemo. Ofisa alikuwa akimtazama yeye. Hakuna aliyesema neno. Mahali fulani nyuma yetu mtoto mchanga alikuwa akikohoa, na nakumbuka nikiwaza kwamba kikohozi kile kinamchelewesha balozi kusoma. Mwishowe aliikunja karatasi mara mbili, akasema kwa Kituruki maneno mawili ambayo mama hakuwahi kunitafsiria mpaka anakufa, na mlango ukafunguliwa.

Vava ndiye aliyetusukuma. Alimpiga mama kidogo mgongoni, kama mtu anavyomsukuma mbuzi asiyetaka kuvuka maji. Tulipofika mlangoni niligeuka. Binti wa shangazi alikuwa amesimama, wote wengine wamekaa, na alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, kiganja kimefunguka. Nikadhani ananiaga. Nikampungia. Akauinua tena, juu zaidi, nami nikampungia tena, kwa bidii, huku nikicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeachiliwa na nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumekwisha kuupita mtaa wa pili, ule uliotandikwa vijiwe vya baharini vyeusi na vyeupe, niliposikia kitu kikinigonga pajani kila ninapopiga hatua. Ulikuwa mfuko. Zamu ilikuwa yangu.

Nilimwambia mama turudi. Hakunijibu. Nikamwambia baba, naye akanibeba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipoanza kusoma, akaongeza mwendo.

Usiku huo nilikula moja, kitandani, nikiinyonya kwanza ili isilie. Kesho yake nne. Wazazi wangu hawakuugusa mfuko ule wala hawakunikataza, na mpaka leo sijui lipi kati ya mambo hayo mawili lilikuwa kosa. Siku ya Jumapili, tarehe 23, ving'ora vya ndege vililia mji mzima, watu wote wakakimbilia mahandaki, na hakuna ndege iliyokuja. Ving'ora vililizwa ili barabara ziwe tupu watu wetu wakipitishwa kwenda bandarini. Baba aliketi pembeni ya kitanda, vidole masikioni. Mimi nilikuwa nimeugeuza mfuko ndani nje, nalamba ufuta ulionasa kwenye mshono.

Yaliyobaki nayasema haraka, maana yameandikwa na wanaoyajua zaidi. Mashua tatu za mizigo ziliwapeleka Piraeus, bandari ya Ugiriki. Kutoka huko wakapelekwa kambi ya Haidari, kisha wakapakiwa treni, wakafika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani, tarehe 16 Agosti. Waliochukuliwa kisiwani walizidi 1,600, na waliobaki hai hadi mwisho wa vita walikuwa kama 150. Katika hao wa kwetu hakuwemo hata mmoja. Sisi tulioachiliwa, watu kama 50 hivi, tulitakiwa kuripoti kwa polisi wa Kijerumani kila siku, na kila siku mama alinivalisha nguo mbili, moja juu ya nyingine. Nyumba ya balozi ilipigwa bomu. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, aliumia, akajifungua mtoto wa kiume, akafariki. Mwezi wa kwanza wa 1945, bahari imechafuka, tulivushwa kwa mashua hadi Marmaris, Uturuki. Baadaye ilikuja barua ya baba mdogo, meli hadi Lobito kule Angola, treni ya Benguela, na vumbi jekundu la huku.

Mwaka 1989 habari zilitufikia kwamba Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, kule Jerusalem, imemtambua Ülkümen kuwa mmoja wa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, yaani wasio Wayahudi waliookoa Wayahudi. Pamoja na habari hizo likaja jambo jingine, ambalo watu waliliona la kupendeza na kulisimulia kwa tabasamu: ile sheria haikuwepo. Uturuki haikuwa na sheria yoyote inayomfanya mume raia kwa kuoa tu. Katika wote aliowatoa, raia hasa walikuwa 13. Waliobaki, baba akiwa mmojawapo, walitolewa kwa sheria aliyoibuni mwenyewe njiani, labda akiwa anapanda ngazi za jengo lile.

Nilimsomea mama. Alikuwa amekaa hapa barazani, ungo wa karanga mapajani, anabangua. Aliendelea kubangua mpaka nikafikiri hajasikia. Kisha akasema, "Ikiwa aliibuni, si angeibuni kubwa zaidi kidogo?"

Akauziba mdomo wake kwa kiganja. Nilimwona akiogopa, kwa hofu ambayo sikuwa nimeiona usoni pake hata mwaka ule, akanishika mkono na kuniapisha nisiyarudie maneno yale kwa mtu yeyote, kwani mtu yule alimpoteza mkewe na sisi tuna nini cha kumdai. Nimekaa nayo miaka yote hii na leo nimeyarudia. Nimejaribu kumjibu mama mara nyingi nikiwa peke yangu. Namwambia kwamba mume na mtoto ndivyo ofisa yule angeweza kuvimeza, kwamba angeongeza mkwe na wifi uongo ungemkwama kooni, na sote tungerudishwa sakafuni. Namwambia kwamba aliisoma karatasi ile muda mrefu kwa sababu alikuwa akipima. Nayaamini ninayoyasema. Kisha nauona mkono ule ulioinuliwa, naona kwamba hoja yangu yote haijaufikia, na kwamba kuhusu mfuko hakukuwa na sheria yoyote, ya kweli wala ya kubuni, iliyonizuia kuurusha kutoka mlangoni. Zilikuwa hatua kumi hivi. Nilikuwa na mkono mzuri wa kurusha. Wavulana wa mtaani walinijua kwa hilo.

Sasa ningemwambia mtoto nini Jumapili ile? Ana miaka sita. Amevaa sweta kwa baridi ya Julai na ameniletea swali la haki kabisa. Nikasema meno.

Akalifikiri jibu langu. Akanisogezea kikombe changu cha chai, akachagua biskocho iliyo nzima, akaichovya, akahesabu kwa sauti mpaka kumi, akaitoa inadondoka, na kuishikilia mbele ya mdomo wangu, kiganja cha mkono wa pili kimekingwa chini yake isimwagike.

"Imelainika, Vava," akasema. "Hii haitaki meno."

Nikamwambia aiweke kwanza kwenye sahani, ipoe.