Jumamosi ya jiko, friji na mashine ya kufulia

Ujerumani ukiambiwa umepata nyumba ya kupanga, jua mara nyingi umepata kuta, sakafu na madirisha. Mimi nilikuwa nimeshaishi kule miaka kadhaa kwenye vyumba vya kushea na wenzangu, ambako kila kitu unakikuta, kwa hiyo habari ya nyumba tupu nilikuwa naisikia tu kwa watu. Novemba 2023 nakabidhiwa funguo pale Dortmund ndo nikaiona kwa macho. Jikoni hamna jiko, hamna friji, kuna mabomba yametoka ukutani, sinki la mpangaji aliyetoka na kiboksi cheupe cha umeme karibu na sakafu, basi. Kwenye dari kila chumba zinaning'inia nyaya zimebanwa na kiplastiki, maana watu wengi kule wakihama wanaondoka hadi na taa zao. Na yote hayo ghorofa ya nne, lifti hakuna.

Mke wangu na mtoto walikuwa wameshapata visa na tiketi ilikuwa ishakatwa, wanatua Frankfurt Jumatatu asubuhi. Tulikuwa tumekaa mbali muda mrefu, tunaonana kwenye simu, mtoto anajifunza kutembea namuona kwenye video. Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, wakifika wakute nyumba inafanya kazi. Isiwe nzuri, mimi uzuri sikuwa na haraka nao, ila maji ya moto yapo, jiko linawaka, nguo za mtoto zinafulika, taa zinawaka. Kochi na mapazia na zulia nilishaamua sinunui, hivyo atachagua mke wangu mwenyewe, si haki mtu avuke bahari aje kukuta kila kitu kimeshachaguliwa hadi rangi ya pazia.

Hela ilikuwa ya kupigia hesabu kweli. Dipoziti ya nyumba kule inaweza kufika kodi ya miezi 3, ile kodi tupu bila kuhesabu hita na maji, na wengi wanadhani lazima uitoe yote siku ya kwanza. Sheria yao inamruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu 3 za mwezi mwezi, ya kwanza mkataba unapoanza. Nikamwandikia mwenye nyumba kwa heshima kwamba ntalipa kwa awamu, akakubali bila maneno, na ile theluthi mbili iliyobaki mkononi ndo ikawa hela ya vyombo. Bila hiyo nisingeweza. Mpangaji aliyekuwa anatoka naye alikuwa anauza sinki lake pamoja na kabati la chini, nikamlipa euro 150 akaliacha palepale lilipo, na hilo likanipunguzia kazi kubwa maana maji ya jikoni yakawa yapo tayari.

Wiki ile jioni zote niko kwenye simu natafuta vya mtumba. Watu kule wanauza sana, mtu anahama mji anataka vitu vitoke haraka, mashine nzima unaipata kwa hela ambayo mpya isingetosha hata nusu. Ila nilijiwekea utaratibu. Jiko sawa la mtumba, jiko halina mambo mengi ya kuharibika na unaliwasha mbele ya muuzaji ukaona. Mashine ya kufulia ya mtumba, ila mpaka niisikie ikizunguka. Friji mpya. Kwenye friji watu wanaona bei wanafurahi wanasahau umeme, na umeme wa Ujerumani mwaka ule ulikuwa karibu senti 40 za euro kwa uniti moja. Friji inayokula uniti 300 kwa mwaka ni euro 120, inayokula 150 ni 60, sasa piga hesabu miaka 10. Halafu wauzaji wengi wanaandika A+++, ile alama ya chombo kisichokula umeme mwingi, wanajisifu, wakati ile lebo ya zamani yenye majumlisha ilishaondolewa kwenye friji na mashine za kufulia tangu Machi 2021, siku hizi ni A mpaka G, kwa hiyo ukiona A+++ hapo unajua tu hicho chombo kina umri. Mimi herufi sikuzijali sana, nilikuwa naangalia ile namba ya kWh, yaani uniti, kwa mwaka iliyoandikwa chini yake.

Jiko ndo lilinifikirisha zaidi. Majiko mengi mazuri yaliyokuwa yanauzwa ni ya indakshen, yale yanayochemsha haraka, sahani haipati moto yenyewe bali sufuria ndo linapata. Nikampigia mke wangu. Nikamuuliza, mama watoto, masufuria unakuja nayo? Akasema ndiyo, yale matatu ya mama, nishayafunga kwenye nguo ili yasibonyee. Nikamwambia hebu chukua ile sumaku ya kwenye friji hapo, ibandike chini ya sufuria. Nikamuona kwenye video anaigeuza sufuria kichwa chini, ile alumini iliyoanza kupauka kwa kusuguliwa na mchanga na majivu miaka yote, anaiweka sumaku katikati, sumaku inateleza inadondoka. Akajaribu la pili, ikadondoka. Basi, sumaku isiposhika indakshen haipiki. Akaniuliza kwa hiyo niyaache? Kiukweli ile sauti yake sikuipenda. Nikamwambia yaje, ntatafuta jiko jingine. Nikahamia kwenye yale ya kioo cha kawaida, yenye koili chini inayowaka nyekundu, hilo halibagui sufuria, cha muhimu kitako kiwe kimekaa sawa kisiyumbe. Linazidi kidogo kwa kula umeme na linachelewa kupoa, nikaona potelea mbali, masufuria ya mama mkwe wangu yasiachwe kwa ajili ya hilo.

Jumamosi ndo siku yenyewe. Na Ujerumani Jumamosi unaiwahi kwelikweli, kwa sababu Jumapili maduka yamefungwa na drili huruhusiwi kupiga, majirani wanapumzika, kwa hiyo kitu usichokinunua au usichokitoboa Jumamosi umekikosa. Jamaa yangu mmoja wa Mombasa alikodi kigari cha mizigo asubuhi tukaanza kuzunguka. Jiko tukalipata mapema, mama mmoja mtu mzima alilisafisha mpaka linang'aa, akatuwashia sahani zote nne na oveni, euro 80, akatupa na trei zake.

Mashine ya kufulia ya kwanza tuliyoenda kuiona niliikataa. Picha zilikuwa nzuri, ila nilivyofungua mlango nikauvuta ule mpira wa duara, ndani kwenye mkunjo kumejaa ukungu mweusi na harufu ya maji yaliyolala. Nikaliweka mkono lile pipa nikalitikisa, linacheza juu chini peke yake bila springi kufuata, hapo bearing zimekwisha. Muuzaji akawa anashusha bei kila nikinyamaza. Tukashukuru tukaondoka. Ya pili ilikuwa kwa kijana na mke wake wanahamia nyumba yenye mashine tayari, na wao walikuwa wameiacha imeunganishwa ili mnunuzi aione ikifanya kazi, hicho ndo kitu ninachokitaka kwa muuzaji. Wakaiweka kwenye mzunguko wa kukamua, nikainama sikio karibu na bati. Ilianza taratibu, ikapanda, ikafika kule juu kwenye mizunguko 1400 kwa dakika inavuma sauti moja bila kugonga. Nikasema nachukua. Kabla ya kuitoa yule kijana akaleta kifuko cha nailoni chenye bolti nne ndefu zenye plastiki, zile za kufunga pipa kwa nyuma wakati wa kusafirisha. Amezitunza tangu aliponunua! Watu wengi wanazitupa, halafu mashine ikisafirishwa bila hizo pipa linapigwapigwa humo ndani mpaka springi na vishikizo vinaumia. Tukazifunga zote nne na spana palepale jikoni kwake. Euro 120.

Ngazi sasa. Mashine ya kufulia inakaribia kilo 70, na uzito mwingi ni zege, ndani wameweka matofali ya zege ili isirukeruke ikizunguka. Tulipitisha mkanda chini, jamaa yangu juu mimi chini, kila ghorofa tunatua. Ghorofa ya tatu mikono inatetemeka jamaa akasema, "Tua bana, tua hapo, tusije tukavunja ngazi ya watu." Tukakaa juu ya mashine pale kwenye kona ya ngazi tunahema, mzee mmoja akatoka mlangoni kwake akatuangalia, nikamsalimia nikamwambia ndo nahamia juu, akarudi ndani akatoka na chupa ya maji na glasi mbili. Hakusema mengi.

Fundi umeme alikuja saa tisa mchana kama alivyoahidi. Hili jiko si la kuchomeka kwenye soketi, linaunganishwa kwenye ile boksi ya ukutani yenye umeme wa fezi tatu, volti 400, na kule hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Wapo wanaojiunganishia wenyewe kwa kuangalia video, mimi siwezi, kuna mtoto anakuja kwenye hiyo nyumba. Nilisimama pembeni nikimulika na simu. Akafungua boksi, akapima kila waya, halafu akaanza kuzibana moja moja, kahawia, nyeusi, kijivu, ya bluu, na ile ya kijani na njano ya ethi, akivuta kila moja baada ya kuibana kuona kama imeshika. Akawasha sahani moja baada ya nyingine akaweka kiganja juu kwa mbali. Akaniandikia karatasi kwamba kazi imefanywa na nani na lini, akasema itunze, kukitokea moto bima wataiuliza. Euro 90, yaani kuunganisha kumezidi jiko lenyewe, na sikuona uchungu wowote.

Saa kumi na nusu jioni giza lishaanza kuingia, ndo Novemba yao ilivyo. Taa nilikuwa nimeshanunua, holda za kawaida tu na balbu za LED. Nikazima meni swichi, nikapanda ngazi na tochi mdomoni, jamaa ananishikia, sebuleni, chumbani, korido, jikoni. Tukawasha zote kwa pamoja. Nyumba ikaonekana kubwa kuliko mchana.

Friji ililetwa na watu wa duka wakaipandisha wenyewe, ila kwenye kona za ngazi waliilaza kidogo, kwa hiyo sikuichomeka. Friji ikilazwa mafuta ya kompresa yanahama, unaiacha imesimama yarudi chini kwanza, mimi nikaiacha mpaka kesho yake. Maziwa na mayai nikayaweka nje kwenye kibaraza, baridi ikayatunza. Mashine nikaiunganisha mwenyewe, mpira wa kuingiza maji kwenye bomba la chini ya sinki na wa kutoa kwenye saifoni, lile bomba la kupinda la maji machafu, nikakuta hakuna kleme ya kubana ule wa kutoa, nikashuka mbio kwenye duka la vifaa kabla halijafunga, nikarudi na kleme mbili na wosha za akiba. Halafu nikafungua zile bolti nne za nyuma. Hii nawaambia watu wote wanaonunua mashine, mpya au ya mtumba, ukiiwasha bolti zikiwa ndani itatembea jikoni na kujivunja. Nikaweka levo, kile kipimo cha usawa, juu yake, nikazungusha miguu mpaka kiputo kikakaa katikati, nikafua taulo. Nilikaa chini sakafuni nikaiangalia yote, kuanzia maji kuingia mpaka kukamua, na chini ya sinki pakavu kabisa.

Usiku mke wangu akapiga. Nikamzungusha na simu chumba kwa chumba. Akauliza blenda na pasi aje navyo? Nikamwambia njoo navyo, umeme ni uleule volti 230, plagi tu ndo tofauti, adapta ninazo. Na mashuka? Kitanda nilikuwa nimenunua cha sentimita 180 kwa 200, kinakaribia kabisa sita kwa sita yetu, urefu tu ndo umezidi kidogo, nikamwambia mashuka yanakuja. Akanyamaza kidogo akasema, "Baba watoto, umefanya kazi." Mimi niliishia kusema karibuni tu, maneno mengine yalinigomea.

Jumatatu walifika, mtoto amelala begani. Mke wangu hata koti hajavua akaingia jikoni, akafungua oveni akafunga, akafungua friji akaona maziwa, akatoa sufuria moja kutoka kwenye sanduku akaliweka kwenye jiko akalibonyeza pembeni kuona kama linayumba. Halikuyumba. Akachemsha chai. Baada ya chai akasema friji haikai pale, mlango wake unafungukia ukutani, na kweli, tukageuza bawaba siku hiyohiyo.

Jumamosi iliyofuata tukaenda wote watatu kutafuta meza. Nilikuwa nafikiria ndogo ya watu wanne, tuko watatu na mmoja bado anakaa mapajani. Yeye akazunguka, akajaribu karibu kila meza kwa kuiegemea na viwiko, akasimama kwenye ya watu sita. "Hii. Watu watakuja." Nikaangalia bei, nikaangalia salio, tukaichukua na viti vinne. Viwili vilivyobaki tukavinunua Februari, dipoziti ilipokuwa imeshakwisha kulipwa.