"Bei ya mwisho ngapi?": ninavyopatana bei ya trekta lililotumika

Nimenunua matrekta yaliyotumika na nimeuza mengine, na kuna swali moja ambalo siliulizi kwenye simu, ingawa karibu kila mnunuzi huanza nalo: "Bei ya mwisho ngapi?" Mwenye trekta akiulizwa hivyo na mtu asiyemjua, ambaye hajaliona trekta wala hajaonyesha kwamba ana hela, ama atakupuuza huku anaendelea kuongea, ama atakutajia punguzo dogo la kukuridhisha. Hilo punguzo ndilo linaloumiza. Ukifika kwake, kila utakachosema atakujibu, "Si nilishakupunguzia kwenye simu?"

Kwenye simu nauliza mengine. Amekaa nalo tangu lini, lilikuwa likifanya kazi gani, mara ya mwisho limelima lini, karatasi ziko kwa jina la nani, na kwa nini analiuza. Jibu la hilo la mwisho nalisikiliza kwa makini. Aliyekwisha kununua jingine kubwa hana haraka. Anachotaka ni nafasi tu. Mwenye deni linalomkaribia ana tarehe kichwani hata kama haitaji. Bei hiyohiyo wanayoitangaza wote wawili haina maana moja.

Kuhusu bei zinazotangazwa, mimi nazichukulia kama matamanio. Ukikuta matangazo mengi ya trekta la aina moja yanataja bei zinazokaribiana, hujajua trekta hilo linauzwa bei gani. Umejua tu wenye nayo wanaombaje. Kinachonisaidia zaidi ni kumpigia mtu ambaye trekta lake limeshanunuliwa na kumuuliza kwa adabu aliliachia kwa ngapi. Wengi husema, kwa kuwa biashara imekwisha na hawana cha kulinda. Mafundi nao wanajua, maana ndio wanaoitwa kukagua siku ya malipo. Bei za mnada ni za kweli pia, ila mnadani mara nyingi hupati nafasi ya kulijaribu trekta shambani, kwa hiyo anayeweka dau huwa ameshaikata ile hatari kwenye bei yake.

Halafu kuna msimu. Kabla ya kulima kila mtu anatafuta trekta. Kazi ya shamba ikiisha, linaegeshwa na kuanza kumla mwenyewe pesa. Mimi hununua likiwa limeegeshwa. Hapo sihitaji kueleza zaidi.

Nichukue mfano wa Massey Ferguson 135 niliyoinunua kwa mzee mmoja, lile lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda 3. Bei aliyoitaja tuiite 100 ili hesabu ieleweke. Nilimwomba kabla sijaenda asiliwashe mpaka nifike. Nilipofika, baada ya salamu, kitu cha kwanza kilikuwa kuweka mkono kwenye injini. Ilikuwa baridi, nikafurahi. Injini iliyokwisha kupashwa moto kabla mgeni hajaja huficha mengi: uwashaji mgumu, betri dhaifu, pampu iliyochoka. Moshi mweupe kidogo injini ikiwa baridi haunitishi iwapo unakata baadaye. Moshi wa buluu unaoendelea hata injini ikishapata moto ni oili inayoungua. Injini ikiwa inanguruma nikafungua kifuniko cha kumiminia oili. Mvuke ukitoka hapo kwa nguvu, mfululizo, ringi za pistoni zimelika na zinapitisha gesi ya injini. Kwa lile la mzee ulikuwa mdogo tu.

Mita ya saa niliitazama lakini sikuijengea hoja. Kwenye matrekta mengi ya zamani mita huzungushwa na kebo kutoka kwenye injini, na inachohesabu ni mizunguko. Trekta likinguruma polepole, saa nzima ya ukutani huandikwa chini ya saa moja. Na kebo ikikatika, mita husimama huku trekta likiendelea kulima. Naziamini zaidi pedali zilizolika, pini za mikono ya haidroliki inayonyanyua plau, na matundu yanayofungiwa plau. Hivyo havina kebo ya kukatika.

Tukanyanyua plau, nikamwomba azime injini, tukaendelea kuongea huku naliangalia. Lilibaki juu. Haidroliki ilikuwa nzima. Klachi ndiyo iliyojifichua kuwa imechoka: kwenye gia kubwa, ukibana breki kidogo, injini inaendelea kuvuma wakati trekta halisukumi. Kubadilisha klachi kunataka trekta litenganishwe katikati, kwa hiyo usipige hesabu ya sahani ya klachi peke yake, piga na ya fundi na ya siku zinazopotea. Tairi za nyuma zilikuwa na meno ya kutosha lakini pembeni zimepasukapasuka. Hapo huwa nasoma tarakimu 4 zilizochapwa ubavuni: 2 za kwanza ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka tairi ilipotengenezwa. Zilikuwa na umri mkubwa kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa nimekwenda na fundi, na tulikuwa tumekubaliana njiani kwamba mbele ya mzee hatasema kitu. Wapo wanaokwenda na fundi wa kuponda, anayetikisa kichwa na kuguna kila anapogusa chuma. Nimemwona mwenye trekta akifunga mdomo kabisa kwa sababu ya mguno kama huo, na akishafunga mdomo hata ukweli ambao angekuambia kwa hiari huupati. Trekta lililolisha familia ya mtu kwa miaka huwezi kulitukana kisha ukaomba punguzo.

Nikauliza tu: "Mzee, hii klachi umewahi kuibadilisha?"

"Bado, kijana wangu. Najua imechoka."

Basi, amesema mwenyewe. Nikatoa karatasi nikaandika mbele yake: klachi na ufundi, 8, tairi 2 za nyuma, 12. Bei za spea nilikuwa nimezipata dukani asubuhi ileile, na nikamwambia anaweza kupiga simu mwenyewe athibitishe. Akanijibu kwamba tairi zitamaliza msimu mwingine. Nikamkubalia, na hapa ndipo watu wengi tunatofautiana. Wapo wanaotaka kila kilichochakaa kikatwe chote kwenye bei. Mimi naona bei ya trekta la zamani tayari ni bei ya kitu kilichochakaa. Ninachokata chote ni kile kinacholizuia lisiingie shambani kesho. Kilichobakiza maisha tunagawana. Kwa hiyo klachi ilibaki 8, tairi zikawa 6. Hesabu ikanipa 86.

Sikuanza na 86, nilianza na 81. Yeye akashuka mpaka 95, akasema bei haipungui tena. Sikumjibu upesi, nikarudi kuangalia ekseli ya mbele, nikamwacha na ile karatasi mkononi. Aliporudi kwangu alitaja 90. Mwishowe tulikutana kwenye 87 na plau likiwa ndani yake. Plau lilikuwa na thamani kubwa kwangu kuliko kwake, kwa sababu bila trekta asingelifanyia chochote.

Kuna mambo sipatani kabisa. Namba ya chesisi isipofanana na ya kwenye karatasi naaga, hata trekta liwe zuri na punguzo liwe nusu. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa, yaani imeingiwa na maji, hiyo bado naongea, ila naongea bei ya trekta linalokwenda kufanyiwa oveholi, yaani injini kufunguliwa yote na kutengenezwa upya. Na kama dalali yupo kati, namuuliza mwanzoni kabisa ujira wake unatoka ndani ya bei au unawekwa juu yake.

Nikigeuka kuwa muuzaji, hesabu ni zilezile, ila nakuwa upande wa pili wa karatasi. Kwenye bei ninayotangaza naacha nafasi ya kama sehemu moja ya kumi. Nikiacha kubwa zaidi, wanunuzi wa kweli hawapigi simu. Nisipoacha kabisa, hakuna anayeamini, kwa sababu mtu anataka kwenda nyumbani akisema alinipunguzisha. Vitu vidogo natengeneza: betri, taa, kiti, paipu inayovuja. Rangi sipaki. Rangi mpya kwenye trekta kuukuu humfanya mnunuzi atafute lililofichwa, na asipolipata analibuni. Injini siioshi siku ya mgeni, wala siiwashi kabla hajafika.

Tatizo kubwa nalitaja mwenyewe kwenye tangazo. Wenzangu wananishangaa, lakini angalia kinachotokea. Ford moja niliyouza ilikuwa na gia inayoruka. Niliandika hivyo waziwazi na nikaweka bei inayolingana. Mnunuzi alipofika akaanza kuikata kwenye bei, nami nikamwambia, "Kaka, gia hiyo nimeitaja kwenye tangazo. Bei unayoiona imeshaitoa." Angeigundua mwenyewe ningelipa mara mbili: kwa gia yenyewe, na kwa kila kitu kingine ambacho sasa angedhani nakificha.

Anayenipigia na lile swali la bei ya mwisho namjibu, "Njoo ulione. Ukilipenda, hatutashindwana." Asiyetaka kuja hakuwa mnunuzi. Anayekuja na kutaja bei ya chini sana simkasirikii, ila sikutani naye katikati, maana akijua utagawanya tofauti atajitahidi aanze chini zaidi. Nashuka kwa hatua zinazopungua: kutoka 100 hadi 96, kisha 94, kisha 93. Yeye mwenyewe anaona kisima kinakauka.

Na yule wa Ford tulikwama hapo, kwenye 93 yangu na 91 yake. Sikupunguza tena. Nilikuwa na stata ya akiba na filta kadhaa za modeli ileile ambazo kwangu zilikuwa zinakaa tu stoo, nikamwongezea bila kupandisha bei. Akataka pia nilifikishe kwake. Nikasema usafiri ni wake, akacheka, akakubali. Alitanguliza sehemu ya pesa, nikaondoa tangazo. Siku alipomalizia tuliandika karatasi 2 zenye namba ya chesisi na ya injini, na ile gia ikaandikwa pia.