Kuzunguka Tezi ya Thaimasi: Tunaingilia Mpakani, Tunatokea Mpakani

Tunashukia mpakani. Seli tunayoifuata, ambayo itakuwa seli T, mlinzi wa kinga ya mwili, imetoka kwenye uboho wa mifupa, imesafiri na damu, na sasa imenasa kwenye ukuta wa mshipa mdogo, pale koteksi (tabaka la nje la tezi ya thaimasi) inapopakana na medula iliyo katikati. Kilichoinasa ni selektini P, protini ya kunasia iliyo ukutani. Kilichoivuta ndani ni kemokini (protini za kuvutia seli) CCL25 na CCL21, ambazo seli huzinusa kwa vipokezi CCR9 na CCR7. Tuko nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo, ndani ya panya wa maabara. Siku tutakazotaja ni za panya.

Medula iko jirani kabisa, na huko ndiko seli itakakomalizia mafunzo yake. Lakini haiendi huko. Inaelekea upande wa pili, mpaka ukingo wa nje chini ya utando wa tezi, halafu ndipo irudi. Mzunguko huu huwasumbua wanafunzi, nao una sababu: kila ishara inayohitajika imewekwa mahali pake, na haipatikani kwingine.

Kufika ukingoni huchukua kama wiki mbili. Takriban siku kumi za mwanzo seli hukawia karibu na ilipoingilia, ikigawanyika. Njiani inagusana na seli za epithelia (kiunzi cha tezi) zenye protini DLL4, zinazoamsha kipokezi chake Notch1. Bila mguso huo tezi hujaa seli B, zile za kutengeneza kingamwili. Wakati wote huu haina CD4 wala CD8, protini za juu ya seli T ambazo itazipata baadaye, kwa hiyo hatua zake tunazisoma kwa alama nyingine: kwanza CD44 peke yake, kisha CD44 na CD25, kisha CD25 peke yake.

Inapobaki na CD25 peke yake tumefika mizani, na kama lori kwenye barabara kuu, haipiti bila kupimwa. Vimeng'enya RAG1 na RAG2 vinakata DNA ya mnyororo beta, nusu ya kipokezi ambacho seli T hutambulia maadui, kisha vipande vyake vinaungwa upya. Kwenye maungio herufi huongezwa na kupunguzwa ovyo. DNA husomwa herufi tatu tatu, hivyo karibu maungio mawili kati ya matatu hayasomeki. Kuna kromosomu ya pili ya kujaribia. Nayo ikishindikana, seli inakufa papo hapo. Iliyofaulu hugawanyika mara kadhaa. Mtoto aliyezaliwa na RAG isiyofanya kazi, safari ya seli zake huishia hapa: hana seli T wala B, na asipopandikizwa uboho, maambukizi humwondoa mapema.

Tunageuka kurudi ndani, na sasa ni msongamano mtupu. Seli zenye CD4 na CD8 kwa pamoja ni kama asilimia 80 ya seli zote za tezi. Chini ya hadubini ya leza, kwenye kipande cha tezi kilicho hai, tunaziona zikitangatanga mikromita chache kwa dakika: zinasimama, zinageuka, zinapapasa matawi ya seli za epithelia. Zimeshaunda mnyororo alfa, na kila moja inajaribu kama kipokezi chake kinaweza kushika MHC (protini za juu ya seli zinazoonyesha vipande vya protini nyingine) ya mwili wake. Zina siku tatu au nne tu. Nyingi mno hazipati ishara yoyote. Zinakufa, na makrofaji, seli za kula mabaki, huzizoa. Inayoshika MHC daraja la kwanza hubaki na CD8, inayoshika daraja la pili hubaki na CD4.

Ikishafaulu, mwendo wake hubadilika ghafla. CCR7 inapanda na seli inashika njia ya medula, sasa kwa kasi zaidi.

Kwa maoni yetu, medula ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote. Seli za epithelia za huku zina AIRE, protini inayofungua maelfu ya jeni zisizo na kazi yoyote tezini, ikiwemo ya insulini ya kongosho. Hakuna seli moja inayoonyesha zote, ndiyo maana mgeni wetu huzunguka siku nne au tano, akigusa hii na ile. Seli inayong'ang'ania antijeni (kipande kinachotambuliwa na kipokezi) ya mwili wenyewe kwa nguvu hufa, au hugeuzwa kuwa seli ya kudhibiti kinga yenye protini FOXP3. AIRE ikiharibika hutokea APECED, ugonjwa wa kurithi ambao kinga hushambulia tezi za parathiroidi na za adrenali. Panya wasio na CCR7 wana kasoro tofauti: AIRE yao ni nzima, ila seli haziifikii. Zinatoka tezini bila kupita medula, na baadaye panya hao hushambuliwa tezi zao za machozi.

Tunatokea mpakani tena. CD69, protini inayozuia kipokezi S1P1, ikishuka, kipokezi hicho hujitokeza juu ya seli na kufuata lipidi ya S1P, nyingi damuni, adimu tezini. Tofauti hiyo ikifutika, seli zilizokomaa hukwama. Dawa ya fingolimodi pia huzikwamisha, kwa kuondoa S1P1 juu ya seli. Katika seli milioni 50 hivi zinazozaliwa kila siku, milioni moja au mbili ndizo hutoka, nazo huhitaji wiki mbili au tatu kwenye wengu na tezi za limfu kabla ya kuitikia kikamilifu.