Waipa kabla ya masika

Jamani masika ndo hiyo inakaribia na bado naona magari hapa Dar yana waipa zinalia kwiii na kuacha michirizi tu kwenye kioo, jua letu hili linakausha mpira fasta. Ukienda kununua mpya Gerezani pale Kariakoo usitaje jina la gari tu, pima kabisa na tepu maana ya dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria, na cheki ncha ya mkono unaoshika waipa kama ni ndoano. Kufunga wala sio kazi, inua mkono, bonyeza kile kiklipu, vuta ya zamani kwenda chini, ila tandika taulo kwenye kioo kwanza, ule mkono mtupu ukifyatuka kioo kinaweza kupasuka, na bei ya kioo unaijua. Zile za bei chee za kwenye foleni mi sigusi.