Banda langu lililooza ndilo lililonichagulia paneli

Kila niliyemwambia kwamba najenga mlimani, kwenye theluji, alinipa neno moja: nene. Chukua paneli nene, ukiona nene zaidi chukua hiyo. Nimelisikia kwa mafundi, kwa wauzaji, hata kwa shemeji yangu ambaye hajawahi kujenga kibanda cha kuku. Nami nikalishika neno, ndiyo maana leo nina banda lililooza.

Kwa asiyezijua, paneli hizi ni bao mbili za OSB, zile za vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi, zimebana povu gumu katikati. Hiyo hiyo ndiyo ukuta, ndiyo nguzo, ndiyo blanketi. Fundi wangu wa kwanza alizidharau, akasema ni vitu vya juzi na kwamba watu watajifunzia unyozi kichwani kwangu. Juzi yake ni ndefu: maabara ya mazao ya misitu kule Madison, Wisconsin, ilijenga nyumba za majaribio kwa paneli za jamii hii miaka ya 1930, na zenye povu katikati zilishajengewa nyumba Marekani miaka ya 1950.

Basi kabla ya nyumba nikajenga banda la mita tatu kwa nne, nilale humo wakati wa kusafisha kiwanja. Nikaagiza paneli za sentimita 31, nene kuliko zote, kuta hadi paa. Nilizisukuma zikashikana hata karatasi haipiti, nikapiga skrubu, nikapaka mastiki, ile gundi laini ya kuziba nyufa, pale nilipokumbuka. Nikawasha jiko la kuni, nikateleka birika, nikatundika soksi zilizolowa kwenye kamba, nikalala kama mfalme. Nje maji yanaganda kwenye ndoo, mimi ndani nimevaa fulana. Nilimpigia shemeji simu kumshukuru.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, asubuhi nikatoka na kuona kitu kizuri sana: paa jeupe lote, lakini kila baada ya sentimita 120 kuna mstari mweusi ulionyooka, kama daftari la shule. Nikapiga picha, nikawatumia watu. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikujiuliza, kwamba theluji imeyeyuka juu ya viungo tu kwa sababu joto langu linatokea hapo. Baada ya wiki kadhaa matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye mwamba wa paa, ndani, juu kabisa. Nikasema paa linavuja. Nikapanda na kopo la lami, nikaziba mabati kwa nje, nikashuka nimejipongeza. Matone yakaongezeka.

Majira ya joto nikafungua mabati. Ubao wa juu karibu na mwamba ulikuwa umevimba mithili ya daftari lililoanguka majini, na nilipobonyeza, kidole gumba kiliingia hadi kwenye pingili. Povu lilikuwa salama kabisa, jeupe pe. Mbao ndiyo iliyokuwa uji. Maji hayakutoka mbinguni, yalitoka kwenye birika langu, kwenye soksi zangu na kwenye pumzi yangu. Hewa ya moto yenye unyevu hupanda, ikipata ufa wa uzi tu hupenya, ikafika kwenye ubao wa nje ulio baridi na kugeuka sakitu, yaani utando wa barafu. Jua likitoka sakitu inayeyuka, usiku inarudi. Baadaye nikasoma kwamba kule Juneau, Alaska, mapaa mengi ya aina hii yaliwahi kuoza kwenye viungo, na kisa kilikuwa hiki hiki cha viungo visivyozibwa vizuri. Nilifarijika kidogo kuwa na wenzangu.

Kuanzia hapo maswali yangu dukani yalibadilika. Muuzaji akiuliza unataka unene gani, mimi nasema nionyeshe kiungo. Wengine walinipa karatasi yenye namba ya kinga ya joto. Namba hiyo, nisikilizeni, mara nyingi ni ya katikati ya paneli, pasipo na mti wala skrubu. Niliomba kila mmoja anipe kipande kidogo chenye paneli mbili zilizounganishwa. Wawili walikubali, mmoja alinicheka.

Vipande hivyo nilivifanyia mchezo ambao najivunia kuliko nyumba yenyewe. Nilitengeneza makasha mawili ya mabaki ya povu, kila kasha nikalifunika kwa kipande kimoja, ndani nikaweka taa ya zamani ya waya, ile inayochemka, ya wati ndogo. (Usiiache taa karibu na povu, nilikesha nikiichungulia kama mgonjwa.) Nikayaweka nje usiku wa baridi kavu. Alfajiri sakitu ilikuwa imetanda juu ya vyote viwili. Kifuniko cha kwanza, ambacho kiungo chake ni mti mzima kutoka ubao hadi ubao, kilikuwa na mstari mweusi mpana wa vidole vitatu, hauna sakitu hata chembe. Mti hupitisha joto zaidi ya mara tatu ya povu, kwa hiyo pale palikuwa na daraja la joto kuvukia nje. Cha pili, ambacho kiungo chake ni kijipaneli chembamba chenye povu ndani, kilikuwa na kivuli tu. Nikaagiza paneli za nyumba kwa muuzaji wa kipande cha pili siku hiyo hiyo.

Povu nilichukua EPS, lile jeupe la punje punje. La poliyurethani lina nguvu zaidi ya kuzuia joto kwa kila sentimita, sibishi, lakini gesi yake hutoka polepole miaka inavyopita na nguvu ikapungua. EPS hukaa vile vile, na baridi ikizidi hufanya kazi vizuri kidogo zaidi. Kuta nikaweka sentimita 21, paa 26. Naam, nyembamba kuliko za banda.

Mzigo wa theluji nilimwachia mhandisi. Kwa kuta nilichagua paneli ndogo za watu wawili kubeba, kwa sababu lori refu lisingekata kona ya mwisho. Za paa zilikuwa kubwa, viungo vipungue, na kreni ndogo ilizinyanyua kwa siku moja. Gharama ilizidi ya mbao za kawaida kwa kama robo hivi. Risiti nyingine niliwashia jiko.

Kuziba kulichukua muda kuliko kusimamisha. Mastiki, kisha povu la kopo, kisha tepu pana kwa ndani juu ya kila kiungo, kabla jipsamu haijafunika. Makopo ya povu nililala nayo ndani ya blanketi, maana kopo likipoa hutema mate tu. Juu ya paneli za paa nikaacha nafasi ya hewa kupita, ndipo mabati. Bomba la maji halikupita ukuta wa nje hata moja.

Tulipofunga feni mlangoni kunyonya hewa, nikatembea na kijiti cha udi kutafuta panapovuja: moshi ulicheza kwenye soketi mbili na kona moja ya sakafu, basi. Furaha hiyo ikanigharimu, kwa sababu nilikuwa nimeruka mashine ya kubadilisha hewa inayorudisha joto ili nibane matumizi. Nyumba ilikuwa haina pumzi. Madirisha yalilia maji mwezi mzima, nikainunua kwa shingo upande na kutoboa kuta nilizozisifu.

Theluji ilipokuja nikapanda ngazi alfajiri kutafuta mistari. Paa jeupe tupu! Nikashuka nikicheka peke yangu, hadi nilipokumbuka kwamba kwa ile nafasi ya hewa mistari isingeonekana hata kama viungo vinavuja. Ndiyo maana niliacha kidirisha cha ukaguzi pale kwenye mwamba. Huu ni msimu wa tatu, na kidole hakijaingia.

Shemeji alikuja juzi, akavua koti mlangoni, akagonga ukuta mara mbili, akatikisa kichwa. "Hii nyembamba," akasema.